Mlima Usiolala Mtu

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo. Assalaam aleikum. Na kwa majirani zetu Wajaini wa mtaa wa Langoni waliokuja kunisikiliza nikiwaeleza mambo yao wenyewe: Jai Jinendra. Nikikosea mahali nisahihisheni papo hapo, msisubiri nimalize.

Nimewatazama mkipanda ngazi za ukumbi huu. Ni 22, nimezihesabu, na baadhi yenu mmefika juu mkono u kiunoni. Basi jioni hii nataka kuwapandisha ngazi zaidi ya 3,000. Mtazipanda mkiwa mmekaa.

Mlima wenyewe unaitwa Shatrunjaya. Uko Palitana, mji mdogo wa wilaya ya Bhavnagar, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Pwani ile ile ambayo jahazi zilitoka zikija kwetu na vitambaa na kurudi na pembe za ndovu. Kwa urefu si wa kutisha, ni kama mita 600 tu, na Mtaita akiuona atacheka. Lakini juu yake kuna mahekalu yapatayo 900, makubwa kwa madogo, mengi ya marumaru, yamezungushiwa kuta nene kama ngome. Ni mji mzima pale juu: una milango, una njia, una viwanja. Na saa hizi tunazozungumza, huko ambako jua limeshazama, mji huo hauna mtu. Hujaji haruhusiwi kulala juu. Makuhani wanaohudumia sanamu nao hushuka. Kila siku jioni mji unaachwa, na kila siku alfajiri watu wanaupanda upya.

Wengi wakisimulia Shatrunjaya husimulia yaliyopo: marumaru, nakshi, idadi ya sanamu. Mimi leo nataka kusimulia zaidi yale yasiyofanywa huko. Nilipanda mara moja tu katika maisha yangu, na nilichorudi nacho ni hicho.

Nilifikaje? Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa wa moyo, na kama mnavyojua, mgonjwa wa Mombasa mwenye jamaa wa kumchangia hupelekwa India. Tulikwenda Ahmedabad mwezi wa Januari. Kabla ya safari nilipita duka la vitambaa la mzee mmoja hapa Langoni, Mjaini, jirani ambaye amenipimia kanzu tangu nikiwa mtoto wa chuoni. Akaniambia, "Ukipata siku moja ya nafasi huko, nenda Palitana ukamsalimie Dada."

Nikajua ananituma kwa dada yake. Nikauliza anaishi mtaa gani, nimpelekee halua. Mzee alicheka mpaka mita ikamdondoka. Kwa Kigujarati dada ni babu, mzaa baba. Na Babu wa Palitana ni Adinath, wa kwanza katika viongozi wakuu 24 wa dini yao, ambaye sanamu yake imekaa kwenye hekalu kuu kule juu. Mahujaji hawamwiti kwa cheo kirefu. Wanamwita Babu, na kupanda mlima ni kwenda barazani kwa Babu.

Basi mama alipokwisha kufanyiwa upasuaji na daktari akasema anaendelea vizuri, nikamwacha na dada yangu, dada wa Kiswahili sasa, nikapanda basi. Ni zaidi ya saa nne kutoka Ahmedabad. Nikalala Palitana mjini, na saa kumi na moja alfajiri nilikuwa chini ya mlima, mahali panapoitwa Taleti.

Hapo ndipo nilipokutana na marufuku ya kwanza. Mlinzi alinitazama kutoka chini kwenda juu: viatu vya ngozi, mkanda wa ngozi, pochi ya ngozi. Akatikisa kichwa. Ngozi ni mnyama aliyeuawa, haipandi. Viatu nikaviacha, pochi nikaiacha na fedha nikatia kwenye leso. Tatizo likabaki mkanda, maana suruali ile niliinunua nikiwa na mwili, na wiki tatu za hospitali zilikuwa zimeninyausha. Nilianza kuupanda mlima mtakatifu wa watu nimeishika suruali kwa mkono mmoja, mpaka muuza maua akanionea huruma, akanipa uzi wa pamba wa kufungia mashada.

Kuna methali hapa pwani sote tumekua nayo: Baniani mbaya kiatu chake dawa. Siipendi, na sitaitetea. Lakini neno lenyewe, baniani, limetoka kwao, kwa vaniya, yaani watu wa tabaka la wafanyabiashara wa Gujarat, na Wajaini wengi ni wa tabaka hilo. Nadhani aliyeitunga alikiona hicho kiatu mlangoni mwa duka. Angefika Palitana angekuta kwamba kiatu ndicho kitu cha kwanza Baniani kukiacha.

Sasa kabla hatujapanda, nieleze kidogo kuhusu dini yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunawachanganya na Wahindu. Wajaini wana neno tirtha. Tirtha ni kivuko, pale mtu anapouvukia mto. Kila mahali pa hija kwao ni tirtha, na wale viongozi 24 huitwa Tirthankara, watengeneza kivuko. Sisi watu wa Likoni hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Tunajua kusimama upande huu, kazi yako unaiona ng'ambo, na feri haijaja. Kwa Mjaini, upande huu ni kuzaliwa na kufa na kuzaliwa tena bila mwisho. Ng'ambo ni kuachiliwa. Wa kwanza kati yao katika zama hizi ni huyo Adinath, ambaye jina lake jingine ni Rishabha. Wa mwisho ni Mahavira, aliyeishi kiasi cha miaka 2,500 iliyopita. Hawa hawakuumba dunia, wala hawajibu maombi. Wameshavuka. Walichokuacha nacho ni gati; kupiga makasia ni juu yako.

Na kinachomzuia mtu kuvuka ni uzito. Wanaamini kila tendo huiachia roho kitu mfano wa vumbi, na hasira, kiburi, hila na tamaa ndiyo mafuta yanayolinatisha hilo vumbi. Hao wanne ndio maadui. Shatru ni adui, jaya ni ushindi: Shatrunjaya, mlima wa kuwashinda maadui. Ukiupanda unajikung'uta.

Kwa nini mlima huu na si mwingine? Mapokeo yao yanasema Rishabha aliupanda mara purva 99. Purva ni hesabu: chukua milioni 8.4, zidisha kwa milioni 8.4. Unapata trilioni 70 na ushei. Sasa zidisha tena kwa 99. Watu hawa ni wafanyabiashara, hawaogopi tarakimu. Mjukuu wake Pundarika alipata kuachiliwa kwake hapo hapo, pamoja na watawa milioni 50. Katika wale 24, inasemekana wote walikanyaga hapo isipokuwa mmoja, Neminath, ambaye mlima wake ni Girnar, huko huko Gujarat.

Haya, tupande.

Ngazi ni za mawe, pana, na mwanzo wake ni mpole. Kulikuwa bado giza, baridi ya kuuma masikio, na nikaona mamia ya watu wamevaa nyeupe wakipanda kimya, miguu mitupu. Nyayo ndizo zilizosikika, kama mvua ya rasharasha. Kando ya ngazi walikuwa wachukuzi na machela zao, maana mlima una wazee na wagonjwa. Wengine hukaa kwenye kiti cha kitambaa kilichoning'inizwa kwenye gongo, wachukuzi wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Mtu mnene huhitaji wanne. Nilimwona mchukuzi mmoja mwenye mvi, mashavu ya miguu yake yamekaza kama kamba za jahazi, amembeba kijana aliyekuwa anatazama simu. Sikusema kitu. Nasema sasa.

Kati ya njia kuna mpando mkali uitwao Hinglaj. Mahujaji wana kijishairi chao hapo, maana yake: umefika kwenye mpando wa Hinglaj, tia mkono kiunoni upande. Basi mliopanda ngazi za hapa mkono kiunoni mmefuata kanuni bila kujua.

Hapo Hinglaj nilikaa kupumua, na akakaa karibu nami msichana wa miaka kama 14 na nyanya yake. Watu wa mlima ule hawaulizani unatoka wapi. Huulizana ni mara ya ngapi. Nyanya akaniuliza kwa Kihindi, mjukuu akatafsiri kwa Kiingereza cha shule. Nikasema ya kwanza. Nami nikamuuliza msichana, wewe je? "Ya 61," akasema, akijipepea na kitambaa.

Ilikuwa hija iitwayo navanu, tisini na tisa. Trilioni za Rishabha haziwezekani kwa binadamu, kwa hiyo zimepunguzwa, imebaki 99, na wengi huongeza 9 zikawa 108. Huchukua wiki nyingi. Ili siku moja ihesabike mara 2 au 3, mtu akishamsalimia Babu juu hushuka kidogo upande wa pili wa mlima, mahali paitwapo Ghetipag, kisha hupanda tena. Msichana alikuwa amesimamisha shule kwa majira hayo. Nikamuuliza hachoki? Akasema alichoka ya 8 mpaka ya 20, baada ya hapo miguu ikaacha kumuuliza. Nimelitia neno hilo akilini mpaka leo, "miguu ikaacha kuniuliza."

Na hao wote, kumbukeni, hawali. Chakula hakiruhusiwi mlimani. Maji yapo, yaliyochemshwa, kwa sababu maji mabichi yana viumbe hai. Wengi hupanda na njaa ya tangu jana, maana Mjaini anayeshika dini hali baada ya jua kuzama. Kitu kimoja tu huuzwa karibu na malango ya juu: wanawake wa vijijini hukaa na vyungu vidogo vya udongo vimejaa mtindi. Wapo Wajaini wanaoukemea hata huo, lakini mtindi unauzwa. Huuli wakati wa kwenda. Unaula ukishamaliza ibada, ukiwa unarudi.

Watawa ndio walionitia haya. Wanawake wengi kuliko wanaume, nguo nyeupe zisizo na mshono wa urembo, nywele zimeng'olewa kwa mkono, kila mmoja ana ufagio laini wa sufu wa kumwondoa mdudu kabla ya kukaa. Watawa hawa hawapandi gari wala mnyama maishani mwao. Katika karne ya 16 mfalme Akbar, Mwislamu aliyetawala India kaskazini, alimwita mtawa mkuu, Hiravijaya Suri, aende kwake Fatehpur Sikri, mji wake mkuu. Mfalme alitaka apelekewe vipando vya heshima. Mtawa akakataa, akaenda kwa miguu kutoka Gujarat, akafika mwaka 1583. Akbar alimpenda, akapunguza uchinjaji wa wanyama katika siku fulani za mwaka, na akatoa hati za kuilinda milima mitakatifu ya Wajaini, huu ukiwemo.

Nimefika kwa wafalme Waislamu, na hapa sitaki kupitisha mambo juujuu. Mwanzoni mwa karne ya 14 jeshi la sultani wa Delhi, Alauddin Khilji, liliipiga Gujarat, na mahekalu ya Shatrunjaya yalivunjwa. Waislamu wenzangu, hilo lilitokea, na tulisikie bila kukunja uso. Kisha tusikie na la pili. Mfanyabiashara Mjaini aitwaye Samara Shah alikwenda kwa gavana wa sultani huyo huyo, Alp Khan, Mwislamu, akaomba ruhusa ya kujenga upya. Akapewa. Mwaka 1315 sanamu ya Adinath ikasimikwa tena. Karne tatu baadaye mfanyabiashara wa vito wa Ahmedabad, Shantidas Jhaveri, akapata hati ya Shah Jahan, yule yule wa Taj Mahal, kuhusu Palitana.

Na la tatu liko pale pale juu. Nilipokaribia kilele nilikuta kaburi la walii wa Kiislamu, Angar Pir, lina kitambaa cha kijani kama ya kwetu. Wenyeji wanasimulia kwamba yeye ndiye aliyeulinda mlima dhidi ya jeshi lililokuja kuuvunja. Wanawake wasiopata watoto huja kumwekea nadhiri, nao humwachia vitanda vidogo vidogo vya kubembelezea mtoto, vya mbao, vimerundikana. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Tirthankara ameshavuka, hagawi watoto. Basi mwenye shida ya mtoto anapita kwa pir. Nikasoma Fatiha, nikaendelea.

Juu pana vilele viwili, na mahekalu yamegawanyika katika maboma yenye kuta yaitwayo tunk. Zamani katikati ya vilele palikuwa na bonde. Mwanzoni mwa karne ya 19 tajiri wa Bombay, Motishah, aliamua kulijaza. Bonde zima likafukiwa, na juu yake akajenga boma la mahekalu. Alifariki 1836, kabla ya kuzinduliwa. Mwaka uliofuata mwanawe akakamilisha. Ni kazi ya ajabu, na nikiwa pale nilishika ukuta wake nikaona marumaru ilivyokatwa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Lakini utajiri wa Motishah ulitoka kwenye biashara ya China, na mzigo mkubwa wa biashara hiyo ulikuwa kasumba. Watu wanaosukuma sisimizi kwa ufagio wa sufu, na bonde limejazwa kwa fedha ya afyuni. Sisemi hivyo kuwasuta. Sisi wenyewe tuna misikiti hapa mwambao iliyojengwa kwa fedha ambayo hatupendi kuulizwa ilipatikanaje. Nasema ili mlima usionekane kama umeshuka kutoka mbinguni. Umejengwa na watu wa leja.

Hekalu kuu halikuwa la mawe tangu mwanzo. Zamani lilikuwa la mbao. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 12 waziri Udayana, wa mfalme Kumarapala, alikuwa anasali ndani yake akaona panya ameuchukua utambi wa taa, bado unawaka, anakimbia nao kwenye tundu la mbao. Waziri akaona kwa macho yake jinsi nyumba ya Babu itakavyoteketea. Akaweka nadhiri ya kuijenga kwa mawe. Vita vikamwua kabla ya kuitimiza, na mwanawe ndiye aliyejenga. Nimeipenda hadithi hii kwa sababu ya panya. Hakuna aliyesema auawe. Wakabadili nyumba.

Ndani kulikuwa na foleni, harufu ya msandali na waridi, na kelele ya watu waliokuwa kimya njia nzima sasa wanaimba. Sanamu ni ya marumaru, imekaa mkao wa kutafakari, macho yanang'aa. Mimi si muumini wake. Nilisimama nyuma, nikasema kwa Kiswahili, mzee wa Langoni anakusalimu. Nyuma ya hekalu kuna mti wa rayan, ambao husemwa Rishabha alihubiri chini yake, na chini yake pana alama za nyayo. Jani likidondoka watu huliokota. La mtini halichumwi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ubishi wote. Mwaka 1926.

Palitana ilikuwa na mtawala wake mdogo chini ya Waingereza. Tangu 1886 Wajaini walikuwa na mkataba naye: badala ya kila hujaji kutozwa kodi mlangoni, walimlipa kwa pamoja rupia 15,000 kwa mwaka, kwa miaka 40. Miaka 40 ikaisha. Mtawala akataka kurudi kwenye kodi ya kichwa. Mnajua watu wa jamii nyingine wangefanya nini. Wangelipa kwa kununa, au wangechoma kitu. Wajaini walifanya kile wanachokijua. Waliacha. Kuanzia Aprili 1926 hakuna Mjaini aliyekwenda Palitana. Ngazi zikabaki tupu. Wachukuzi wa machela wakakaa, wauza maua wakakaa, nyumba za wageni zikafungwa, na mtawala aliyetaka kodi ya kichwa akakosa vichwa. Ilichukua zaidi ya miaka 2. Mwezi Mei 1928, mbele ya Lord Irwin, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza huko India, wakakubaliana rupia 60,000 kwa mwaka kwa miaka 35, na Juni watu wakapanda tena.

Mara nne ya ile ya kwanza! Ukitazama kwa jicho la duka, walishindwa. Nilimwambia hivyo mzee wa Langoni, akanijibu kwamba sikuelewa hesabu: katika miaka ile miwili wazee wengi walikufa kabla ya kumwona Babu mara ya mwisho, miongoni mwao nyanya yake, na hakuna aliyelalamika. Hiyo, akasema, haimo kwenye 60,000.

Kuacha kwao, basi, kuna nguvu. Na nguvu ikiwa mkononi mwa mtu lazima iulizwe. Mwaka 2014 watawa wapatao 200 waligoma kula hapo Palitana wakidai machinjio na mabucha yafungwe mji mzima. Serikali ya jimbo ikakubali; nyama, samaki na mayai vikapigwa marufuku katika eneo la mji. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nilipokuwa pale nilikula dengu na chapati kwa furaha, lakini niliwafikiria wale Waislamu na wavuvi wa Palitana walioambiwa riziki yao ni najisi kwa mlima wa jirani. Kujizuia mwenyewe ni jambo moja. Kumzuia jirani yako ni jambo jingine, na mstari kati yake, kwa maoni yangu, ulivukwa. Najua wapo humu wasiokubaliana nami. Tutabishana kwenye chai.

Suala kama hilo limezuka pia kwenye mlima wao mkubwa wa mashariki, Shikharji, jimbo la Jharkhand, ambao ni mita 1,365, na ambako 20 kati ya wale 24 walipata kuachiliwa. Serikali ilitaka kuufanya wa utalii. Wajaini wakaandamana kote India, na Januari 2023 mpango ukasimamishwa. Lakini Wasanthali, wenyeji wa misitu ile, wanauita Marang Buru, mlima mkuu, ni mungu wao tangu zama, nao wakaandamana. Mlima mmoja, wenyewe wawili. Hilo linataka jioni yake peke yake.

Nirudi kwetu kidogo. Majirani zetu wengi hapa Kenya wenye jina la Shah ni Waoshwal, wenye asili ya vijiji vya karibu na Jamnagar, Gujarat. Walianza kufika mwishoni mwa karne ya 19, wakati reli inajengwa, wakasambaa Mombasa, Nairobi, Thika, Nakuru, na baadaye wengine wakaenda Uingereza. Hekalu lao la hapa Mji wa Kale ni la 1963. Tumelipita utotoni tukienda madrasa, tukidhani ni nyumba ya sanamu tu. Ninachojua sasa ni kwamba mtu aliyeacha kijiji chake Jamnagar, akafungua duka hapa, aliuacha pia mlima, na si kila mwaka angeweza kurudi.

Na hata angekuwa Gujarat, asingeupanda kila siku. Miezi minne ya mvua mlima hufungwa. Mvua ikinyesha ngazi huota ukoga, wadudu hutoka, na kila hatua ni mauaji. Kwa hiyo hakuna anayepanda mpaka mwezi mpevu wa Kartik, karibu na Novemba, ndipo maelfu hukusanyika Taleti alfajiri kuufungua. Theluthi moja ya mwaka mzima mlima mtakatifu kuliko yote waachiwe sisimizi na konokono! Nilipolisikia hili niliona kwamba kushuka jioni na kufunga masika ni jambo moja. Babu ana wageni, lakini mlima si wa wageni.

Saa tisa hivi alasiri nilianza kushuka. Nilinunua mtindi wangu langoni, chungu kidogo cha udongo mwekundu, juu umeganda kama nazi changa, ubaridi wake nikausikia mpaka kwenye magoti. Niliulamba mpaka mwisho bila aibu. Wachukuzi walikuwa wanashuka mbio na machela tupu begani, wakipigiana kelele. Yule msichana wa 61 alinipita akiwa anarukaruka, siku hiyo alishafikisha 62. Watawa walishuka polepole, macho chini, ufagio kwapani. Nyuma yetu niliwaona makuhani nao wakija, wamebadili nguo, wana mifuko ya plastiki kama watu wanaotoka kazini. Nikageuka mara moja. Kuta zilikuwa na rangi ya zafarani, na hakuna kilichotikisika isipokuwa bendera.

Mama alipona, alhamdulillahi, tukaishi naye miaka sita zaidi. Niliporudi Mombasa nilikwenda dukani kwa yule mzee. Nilikuwa nimejiandaa kumsimulia yote: marumaru, msichana, panya, kaburi la pir. Alikuwa anapima kitambaa cha mteja. Hakuniuliza niliona nini.

"Ulishuka saa ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia kabla ya magharibi.

"Na ulikula mtindi kwenda au kurudi?"

Kurudi, nikasema.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamalizia mita yake, akakata.